Orodha ya Ng'ombe Waliozidi

Mwahija binti Akida wa Nyahanga hakumwamini mtu. Ukimwambia jua limechomoza, alitoka nje akatazame mwenyewe. Mwaka 1984 mradi wa majosho ya kuogeshea ng'ombe wa Shinyanga uliletewa kompyuta, naye akatoka Dar es Salaam na cheti cha kuiandikia programu. Aliushuku umeme, akawa anahifadhi kazi yake kila baada ya mistari kumi. Alimshuku karani Januari, kila daftari la josho akalisoma mara mbili. Wala si vibaya! Mwandishi wa programu asiyeshuku ataumbuka tu. Ila kitu kimoja bibie hakuwahi kukishuku, nacho ni kichwa chake mwenyewe.

Aliandika programu ya kulinganisha ng'ombe walioandikishwa kijijini na walioogeshwa joshoni. Aliyeleta wengi kuliko alioandikisha, jina lake lilichapwa kwenye orodha ya peke yake. Siku ya kwanza tu likatoka: Masele Bujiku, Bugarama. Ameandikisha wanne, ameogesha thelathini na saba.

"Nimekunasa, mwizi wewe!" Mwahija akapiga makofi.

Januari, mzaliwa wa Usukumani, akaitazama karatasi, akakuna kichwa. "Dada, kabla ya kuandika hii, ulimuuliza mfugaji yeyote?"

"Niwaulize wezi?"

Mkuu wa mradi akaipeleka orodha kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Wakati ule wizi wa ng'ombe ulikuwa umewafika watu shingoni. Wakampa Masele siku tatu ataje alikowatoa, la sivyo atengwe. Na kutengwa si mchezo: hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuzikia mtoto. Mwahija akaitwa aje aieleze mashine yake mbele ya mkutano.

Alimkuta Masele, mzee mwembamba, kasimama katikati ya watu.

"Ng'ombe ni wa watu," alisema. "Nimewekewa niwatunze. Wenyewe siwataji."

Mwongo, Mwahija akasema moyoni. Januari akamnong'oneza kwamba ndiyo desturi. Mwenye mali huwagawa ng'ombe kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote, na ndugu waombaji wasijue anao wangapi. Aliyewekewa akitoa siri, hatawekewa tena maishani. Mwahija akabetua midomo. Hadithi tamu, lakini ushahidi uko wapi? Akaenda zizini kujionea, Masele akimfuata nyuma.

Akakagua chapa, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wa sita akainama, akaitazama chapa mara mbili. Pajani palikuwa na mwezi mchanga na nukta mbili, alama ile ile iliyopakwa kwenye magunia ya chumvi dukani kwa baba yake. Mzee Akida huyo huyo, aliyemwapia mkewe miaka nenda rudi kwamba hana hata mkia wa ng'ombe!

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mayu," Masele akaitika, yaani mama kwa Kisukuma.

"Huyu ni wa baba yangu."

Masele akatazama pembeni. "Umesema wewe. Mimi sijasema."

Aibu ilimshika Mwahija hadi machozi yakamlenga. Mzee wa watu alikuwa tayari kutengwa kwa ajili ya siri ya Akida, na binti Akida ndiye aliyemwita mwizi. Akarudi mkutanoni, akasema kwa sauti: mashine haikukosea kuhesabu, yeye ndiye aliyeiandikia kwamba anayeswaga ng'ombe mpaka joshoni ndiye mwenye ng'ombe.

"Ushahidi?" watu wakaguna.

Akaitaja chapa. Akamtaja na baba yake. Hapo ndipo wanaume wanne waliokaa kimya siku tatu zote, wakimtazama Masele akiangamia, wakainua mikono, wakakiri kwamba nao wamemwekea ng'ombe. Masele akaachiwa.

Mzee Akida hakumsemesha binti yake mpaka Idi. Mwahija akaifuta ile orodha, akaongeza nafasi mpya kwenye programu: jina la mwenye ng'ombe, kama si aliyewaleta.

"Tuijazeje hii?" Januari akamuuliza.

"Iache tupu," Mwahija akasema, akafunga daftari bila kulisoma mara ya pili.