Kalamu na Karamu

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nipange karatasi zilizoharibika. Mimi, niliyetoka Busia na cheti cha ufundi wa kompyuta. Meneja wa duka letu la uchapaji pale Wandegeya, Kampala, hakutupa hata kipande: upande mmoja ukiharibika, wa pili ulichapiwa rasimu za wanafunzi kwa bei nafuu. Nilinuna wiki nzima.

Baadaye akanipa kompyuta. Tulitumia programu huria, yaani zile ambazo waundaji wake huziacha wazi, kila mtu azisome, azirekebishe na azitumie bila malipo. Zimenilisha maisha yangu yote. Ila kizuri hakikosi mwigaji.

Asubuhi moja meneja akaniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, weka ile pulogulamu ya kadi za harusi. Inaitwa Kalamu. Ni ya bule."

Nikaandika Kalamu. Tovuti ikafunguka, nembo safi, kitufe cha kupakua kikubwa kama chapati. Nikabonyeza. Kumbe programu yenyewe ni Karamu, kwa R. Wenye tovuti hiyo bandia walijua Kampala inavyozungumza, R na L zikibadilishana, wakatutegea hapohapo kwenye ulimi. Kufikia saa tano mafaili yote yalikuwa yamefungwa na virusi vyake, hayafunguki.

Humo ilikuwamo tasnifu ya Furaha, mwanafunzi kutoka Bukavu, aliyeiandikia kwenye kompyuta yetu kwa sababu hakuwa na yake. Zilibaki siku nne aiwasilishe.

"Mama," aliniuliza taratibu, "kazi yangu ya myaka mbili iko wapi? Miye nitasema nini kwa mwalimu?"

Niliona aibu mpaka nikatamani kurudi Busia.

Meneja hakunifokea. Alivuta boksi la karatasi zilizoharibika, akasema, "Tutafute humu." Rasimu za Furaha zilikuwamo, nyuma ya kadi za watu, maana akishasahihisha aliziacha dukani. Tukaandika upya kwa siku tatu, Furaha akisoma, mimi nikipiga chapa. Ukurasa wa arobaini haukuonekana. Akautunga upya palepale. Alifaulu.

Tangu hapo jina la tovuti lilisomwa herufi kwa herufi. "R ya Rubaga," meneja alifundisha, mpaka tukaona kibao cha mtaa huo kimeandikwa Lubaga. Akabadilisha: R ya redio, L ya Luzira, kwenye jela ya wezi. Nami nikajifunza kulinganisha alama ya uhakiki, ule mstari wa herufi na tarakimu wanaoutoa waundaji. Ukitofautiana hata kidogo na wa faili ulilopakua, lifute. Kwa tabia hiyo nikapata kazi katika ofisi moja Nakasero, ambako Mkuu wa Mifumo alizoea kuniambia, "Unachelewa, lakini tunalala usingizi."

Sasa nimestaafu, nakaa Kisugu, na moyo umetulia. Kadi ya kuniaga ilichapwa kulekule Wandegeya: "Kalamu ya kumuaga Mama Atieno." Nikampigia meneja wangu wa zamani. "Mzee, ni R ya redio."

"Wewe njoo tu, nyabo."

Nilienda, nikala nikashiba. Kisha Furaha, siku hizi mhadhiri, akafungua mkoba akanipa kalamu. Nililia mbele ya watu wala sikuona haya. Ubavuni imechongwa maneno matatu: ukurasa wa arobaini.