Kipande cha Tatu cha Mihayo

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Mzee Mihayo aliingia zizini, akajaza kikapu kimoja cha samadi na kukipeleka shambani kwa jirani yake, Zipora. Alikimwaga, akaisambaza samadi kwa mguu, akarudi nyumbani. Zipora, mjane mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mwangaluka, shemeji! Wenzako wakiposa huleta ng'ombe. Wewe unaniletea mavi yao."

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walicheka. Mihayo hakucheka. Ni babu yangu, nami nilikuwa mtu mzima nilipojua sababu ya kikapu kile.

Mwaka 1953 alifika kijijini kwetu, nusu siku kwa miguu kutoka Mwadui, bwana shamba kijana aliyeitwa Pantaleo. Alikuja na mbegu za ngano. Alitaka kujua kama zao hilo litastahimili ukame wetu, na ni mbolea gani itakayolifaa. Alichagua shamba la Mihayo, aliyesifika kwa kulima, akapima vipande vitatu. Cha kwanza alikitia mbolea ya chumvichumvi iliyokuja kwa gunia, cha pili samadi. Cha tatu hakukitia kitu.

"Hiki kiache hivyo hivyo, mzee," alisisitiza. "Ndicho tutakacholinganishia vingine. Usikitie hata mate."

Mihayo aliitikia. Lakini shamba lilikuwa kando ya njia ya kisimani. Baada ya wiki tano vipande viwili vilikuwa kijani, cha tatu kimedhoofika na kugeuka manjano. Wapita njia hawakujua habari za kulinganisha. Walichokiona ni mkulima hodari mwenye shamba lenye njaa.

"Mihayo!" aliita Nkwabi, rika lake. "Huyu mke wa tatu mbona humlishi? Amekukosea nini?"

Alivumilia siku nne. Ya tano aliamka alfajiri, akachimba samadi ya chini kabisa zizini, iliyooza vizuri, akakipa kipande cha tatu vikapu sita na kuifukia kwa mkono kati ya mistari. Alfajiri iliyofuata akaongeza vingine.

Februari mvua ikakata. Ngano ya chumvichumvi, iliyokuwa imerefuka kwa pupa na kujaa majani, haikupata maji ya kuitosha, ikakauka kabla ya kutoa punje. Ya kipande cha pili ilijikongoja. Cha tatu kikashinda vyote.

Siku ya mavuno Pantaleo alipima mara mbili kwa mizani, haamini. Kisha akawatangazia watu kwamba ardhi ile haihitaji mbolea, akaandika hivyo kwenye daftari lake. Watu wakapiga makofi.

Zipora alikuwapo. Shamba lake la kichanga lilipakana na lile, na mwaka huo alikuwa ameanza kuomba samadi kwa wenye ng'ombe na kuibeba kichwani.

"Kwa hiyo niipumzishe shingo yangu?" aliuliza.

"Usijichoshe, mama," Pantaleo alimjibu.

Zipora akamgeukia Mihayo. "Na wewe, shemeji, unasemaje?"

"Umemsikia mtaalamu."

Basi akaacha kubeba. Mtama wake ukapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka wa tatu mwanawe Makoye, ambaye alikuwa anapenda shule, aliiacha akaenda Mwadui kutafuta kibarua kwenye mgodi wa almasi. Asubuhi aliyoondoka ndipo Mihayo alipobeba kikapu cha kwanza. Mkokoteni ungeimaliza kazi ile kwa siku chache, lakini mkokoteni watu huuliza unakwenda wapi. Kikapu kimoja wanakifanyia mzaha tu.

Aliponisimulia haya alikuwa anatazama miguu yake, na samadi ilikuwa imekauka kati ya vidole. Tulimsikia Zipora upande wa pili wa uzio akiwagombeza mbuzi. Nilimwuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Babu, kwa nini hukumwambia?"

"Siku ile niliona aibu," alisema. "Kesho yake aibu ikawa kubwa kuliko ya jana. Imekuwa hivyo kila siku."