Nilimtaja Rafiki Yangu, Wakamvunja Taya Akiwa Anakula

Admin, naomba unifichie jina. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema tu, na mengine naye anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Nina miaka themanini na tisa, naishi Ifakara, Viwanja Sitini. Mke wangu alishatangulia. Mtakaoniamkia, marahaba wanangu, lakini mkimaliza kusoma huenda mkaitaka shikamoo yenu irudi.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mimi na Longino tulikuwa makuli kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Yeye alitokea upande wa Mahenge, mimi ni Mndamba wa Mchombe. Chumba kimoja, mkeka mmoja. Enzi hizo hoteli nzuri hukuijua kwa kibao, uliijua kwa mdomo wa rafiki. Mtu akila vizuri leo, kesho anawaambia wenzake wakiwa chini ya magunia. Siku moja Longino akaniambia, "Bwana wee, acha kutafuna mawe ya wali wa Matei. Kuna dada amefungua kibanda njia ya kivukoni. Samaki wake wa kitoga utamramba mpaka kiwiko."

Nikaenda. Dada mwenyewe aliitwa Emeliana, mjane kijana. Samaki wake alitoka mtoni asubuhi ileile, wali umechambuka punje kwa punje. Baada ya hapo Longino alikuwa anakwenda kwa ajili ya Emeliana, walishaanza kuzungumzia ndoa. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kitoga. Na mwenye mdomo nilikuwa mimi. Niliwaambia madereva wa malori, nikawaambia wavuvi, mpaka karani wa Boma nikampeleka kwa mkono wangu. Masika hayajaisha, mabenchi ya Matei yamebaki na inzi.

Matei, mwenye ile hoteli ya zamani, alikuwa pande la mtu. Mchana mmoja alinikuta peke yangu nyuma ya mashine. Akanikaba koo, akanibana ukutani, akaweka ncha ya kisu cha kuchinjia chini ya jicho langu. "Nani anapita akiwaambia watu waache kula kwangu?"

Jibu nilikuwa nalijua. Jibu lilikuwa mimi. Nikasema, "Ni Longino."

Akaniachia. Akanipangusa pumba begani kama baba. "Asante, kijana."

Sikumwonya Longino. Nilikuwa na siku mbili nzima za kumwonya, tulilala mkeka mmoja, na sikumwonya.

Siku ya tatu, saa saba mchana, tunakula kwa Emeliana kwenye sinia moja. Matei akaingia na wanaume wawili, mmoja kabeba mchi wa kinu. "Longino ni nani hapa?"

Longino akainua kichwa. "Ni mimi, karibuni."

Mchi ukamshukia mdomoni. Taya lilivunjika nikalisikia, kama ukuni mkavu. Meno yakaanguka juu ya wali tuliokuwa tunaula. Wakamwangusha, wakamkanyaga mkono wa kulia, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akawa anakoroma damu. Watu wakatawanyika. Mimi nilibaki nimekaa na tonge mkononi. Sikupiga hata kelele.

Aliyesimama ni Emeliana. Alinyanyua sufuria ya mchuzi inayochemka akammwagia usoni yule wa mchi. Lile jibaba likalia kama mbuzi. Matei akamshika Emeliana nywele, akambamiza uso kwenye mafiga yenye moto. Emeliana akapapasa kisu cha samaki, akamchana Matei kutoka sikioni hadi kidevuni. Askari walipofika walikuta majeruhi wanne. Matei na wenzake walifungwa.

Nilimbeba Longino mgongoni mpaka hospitali ya misheni, nikasifiwa mji mzima. Alikaa miezi mdomo umefungwa, ananyweshwa uji kwa mrija. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alinitaja?"

Wanangu, hapo ningeweza kupona. Nikamwambia, "Emeliana. Alimtambia Matei sokoni kwamba wewe ndiye unayemletea wateja."

Akageukia ukutani. Emeliana alipokuja, shavu lake bado ni kidonda cha moto, Longino alimtemea mate. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu akanifuata mlangoni. "Kaka, nimemkosea nini?" Nikasema sijui. Akavuka mto akarudi kwao Ulanga.

Longino hakuoa. Mpaka leo anakula uji na wali wa kupondwa. Tunaishi nyumba moja, wanangu wanamwita baba mkubwa, na kila mgeni Longino humwambia, "Huyu ni ndugu yangu, alinibeba mgongoni." Sasa hainuki tena. Padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, akasema yeye ni mjukuu wa Emeliana. Kumbe bibi yake bado yupo hai ng'ambo ya daraja. Amesikia hali ya Longino, anataka aletwe Jumamosi ampe mkono. Nikapeleka ujumbe kitandani. Longino akasema, "Akivuka mlango huu nitampiga kwa chochote nitakachoshika. Yule aliniua. Niapie kwamba hutamruhusu."

Nikaapa.

Mjukuu wangu ameacha kuandika mara mbili, ananitazama tu. Anasema nikamwambie babu yake Longino sasa hivi, kabla hajalala. Mimi naogopa. Nikisema, atakufa hana mwanamke na hana ndugu. Nikinyamaza, bibi wa watu atafukuzwa mlangoni kwangu kwa kosa langu, na uso wake ule, akiwa hajui mpaka leo alikosa nini.

Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mnaosoma hapa, wenye marafiki na wenye wazee ndani, nipeni neno: niufumbue huu mdomo, au nife nao?