Jiko la Klementina

Ukimtafuta Romwaldi, fundi vigae wa hapa Msamala, utamkuta amepiga magoti sakafuni kwa mtu, amenyoosha kamba. Ncha moja ameishika mwenyewe, ya pili ameikandamiza kwa jiwe. Zamani hakuhitaji jiwe. Ncha hiyo aliishika mkewe, Klementina.

Na hesabu ilikuwa ya mkewe, tusidanganyane. Romwaldi aliacha shule darasa la nne. Klementina alimaliza la saba, na kigawo kikubwa cha shirika alikuwa nacho kichwani.

"Baba Violet," alimwambia, "kipimo kifupi kitoe kwenye kirefu mpaka kisitoke tena. Kilichobaki kitoe kwenye kile kifupi. Endelea hivyo hivyo. Kisipobaki kitu, kile ulichotoa mwisho ndicho kigae chako."

Chumba cha sentimita 360 kwa 280, kwa mfano. Toa 280 kwenye 360, inabaki 80. Toa 80 mara tatu kwenye 280, inabaki 40. Arobaini inaimaliza themanini, hakibaki kitu. Basi, vigae vya arobaini kwa arobaini vinaingia bila kukatwa hata kimoja. Mji mzima ukamjua kama fundi asiyekata.

Kwake sasa! Jiko la mkewe alilisakafia kwa vigae vilivyovunjika kazini, vyeupe, vya bluu, vingine vyenye nusu ua. Klementina akilalamika, jibu lilikuwa lile lile kwa miaka kumi na tisa.

"Jiko lako lina vipimo vibaya, mama. Vizima haviingii."

Mwaka jana Klementina akafariki. Violet, mtoto wao wa pekee, akazika, akarudi kwa mumewe, huko Nakapanya. Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Romwaldi akaapa kwamba kaburi la mkewe halitawekwa kipande hata kimoja, akaenda kulipima, yeye na jiwe lake. Lilikuwa 210 kwa 90. Alitoa 90 mara mbili, ikabaki 30. Thelathini ikaimaliza tisini. Akapanga vigae ishirini na kimoja, vyote vizima.

Siku ya kubariki kaburi, Noela, mdogo wa marehemu, alivipapasa kwa kiganja.

"Shemeji, umempendezesha dada. Na jikoni je, ilishindikana nini?"

"Vipimo vilikuwa vibaya, shemeji."

"Ulipima lini?"

Romwaldi akainama kupangusa kigae kilichokuwa safi. Mimi jirani yake nilikuwa nimesimama karibu, na kusema kweli nilimwonea aibu.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea viazi vya kuchemsha. Nilimkuta jikoni, amepiga magoti, jiwe liko kwenye kona. Mia tatu kwa 240. Alitoa 240, ikabaki 60. Akatoa 60 mara moja, mbili, tatu, nne. Hakikubaki kitu.

"Vigae ishirini vya sitini," aliniambia. "Vizima vyote. Jirani, hii ilikuwa kazi ya asubuhi moja."

Akaketi juu ya vile vipande, akalia bila kujificha. Akataka kupima tena, labda amekosea, nami nikainama niondoe jiwe nimshikie ncha ya pili.

"Liache," akasema.