Kufuli Binti Kamba na Siku Umeme Ulipokatika

Kufuli binti Kamba: ndivyo alivyoitwa wifi yangu, na jina hakupewa bure. Baba yake, mkwe wangu, alichimba visima tangu ujana mpaka uzeeni, na hakushuka shimoni hata mara moja kwa fundo lililofungwa na mkono wa mwingine. Ndiyo maana akaitwa Kamba. Bibi yake alikuwa mkunga aliyechemsha wembe hata mtoto akiwa mlangoni. Ukoo wa watu wasiotulia. Nimeolewa humo, nawajua.

Mimi, yeye na mume wangu tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha chakula cha kuku. Mashine kubwa pale ilikuwa ya kuchanganyia: pipa la chuma refu kuliko mtu, ndani lina mapanga yanayozunguka. Tuliliita Tumbo. Unga na molasi vikigandia mapanga, mtu huingia kwa ngazi akavikwangua. Utaratibu ulikuwa mmoja: unashusha mkono wa swichi ukutani, unatia kufuli lako, ufunguo unauvaa shingoni. Ukitoka unafungua mwenyewe. Siku za kawaida tuliufuata wote, hatukuwa wajinga.

Ujinga wetu ulikuja umeme ukikatika. Watu walifurahi: "Haya, Tumbo limelala, tulioshe!" Wanaingia hivyo hivyo, swichi iko juu, kufuli mfukoni. Unafunga nini, na moto haupo?

Wifi peke yake hakufurahi. Taa zikizimika alianza kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Umeme usipokuwepo," alikuwa akisema, "kila mashine inajifanya maiti. Hapo ndipo pa kuiogopa." Wakamcheka. Nami nilicheka, maana alichekesha.

Siku ninayoisema, mimi na yeye tulikuwa uani tunashona midomo ya magunia. Feni ikasimama. Wifi akainua kichwa.

"Mumeo yuko wapi?"

"Atakuwa nje na sigara yake. Kaa ushone, wifi."

Akashona kidogo, sindano ikamchoma. Akaitupa, akainuka. Nikamfuata, kwa sababu kutotulia nako kunaambukiza.

Chini ya ngazi ya Tumbo tukakuta viatu vya mume wangu. Yeye yumo ndani, anakwangua, kwaru, kwaru, na mluzi juu yake. Nikatazama ukutani: swichi imesimama wima. Wifi akaiendea. Akaishusha, akatia kufuli lake. Tak.

Mluzi ukakoma. "Nani huyo?"

"Mimi, kaka."

"Ah! Toa kufuli lako, dada. Nikitoka nataka kazi, sitaki kuanza kukusaka wewe na funguo zako."

"Toka kwanza."

"Huo umeme wa kuniua uko wapi? Mke wangu, upo hapo? Mpeleke mwenzio akapumzike."

"Baba watoto," nikasema, "toka tu."

"Nyie wawili mmeniona mtoto wa—"

Taa ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka. Upande wa pili, mashine ya kusaga ikanguruma yenyewe, haina mtu. Tumbo halikutikisika.

Wala ndani hakukutoka sauti.

"Kaka?" Wifi alishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili. "Kaka, wewe!"

Kichwa kikachomoza, kina molasi mpaka kwenye nyusi. Mume wangu akaitazama taa, akaitazama swichi, akalitazama lile kufuli dogo.

"Shuka polepole," wifi akamwambia, "usije ukauawa na ngazi."

Nikacheka, kisha nikakaa chini palepale sakafuni.

Aliposimama mbele yetu, pekupeku, wifi akauvua ufunguo shingoni mwake. Nilidhani atafungua. Hakufungua. Alimvisha kaka yake, molasi na yote.

"Mimi nimechoka kuwa miguu yenu," akasema. "Kuanzia leo umeme ukikatika, wewe ndiye wa kuzunguka. Kila swichi uishushe, kila pipa ulichungulie, ndipo ukae. Na usisubiri kesho, kaka. Anza na ile inayonguruma kule."