Nililala hoteli mpya ya Butembo, kesho yake nikakalishwa upande wa wageni

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenipata mwenyewe na sitaongeza chumvi, aibu yake inatosha.

Mimi ni mtoto wa Butembo, nina miaka arobaini na kitu, na nusu yake nimeimaliza njiani: Kisangani, Bunia, Kampala. Nimelala guest za Kayna na Alimbongo, maji ya ndoo, blanketi moja, baridi ya milima juu yako.

Safari hii niliapa: nikifika kwetu, nalala hoteli ya kisasa.

Kilichonirudisha ni Kahindo, binti wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Baba yake alishafariki, na wakwe walikuwa wanatoka Beni kuja kuongea mahari. Alinipigia simu mimi mjomba wake:

"Tonton, uniongelee. Nataka kumaliza kwanza masomo ya infirmière. Mama ataogopa kusema mbele yabo."

Nikamwahidi kwamba uuguzi wake atamaliza kwanza.

Hoteli sasa. Ile ya zamani karibu na soko bado ipo, yenye baraza la mbao ambako marehemu baba alininunulia Fanta. Niliitazama, moyo ukauma, nikapita. Nilichukua mpya: ghorofa nne, maji moto, jenereta, wifi inayoshika kweli. Kitanda sikijutii.

Kosa ni kwamba nilifika jioni na sikwenda hata kumsalimia yaya. Asubuhi nikapiga pasi shati, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa yaya, Bulengera.

Viti vilikuwa vimepangwa pande mbili. Yaya akanipokea kwa mikono miwili, kwa heshima nyingi mno, akanikalisha na watu wa Beni.

"Yaya, upande wetu si ule?"

"Wetu na nani? Benye baliamuka humu ndani beko kule. Weye umetoka hoteli sawa nabo. Kaa na benzako."

Wakuu, katika familia yetu, anayemwongelea binti ni yule aliyelala na kula kwao. Nalijua hilo tangu utoto. Maji moto yalinisahaulisha.

Mzee wa kando yangu akaniinamia. "Vieux, weye ni wa tawi letu la Oicha?" Kabla sijajibu akaendelea, "Tukimaliza leo, mwezi ujao tunaenda naye. Masomo hapana. Duka inamungojea."

Kahindo alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ananitazama.

Nikainuka. Moto, hoteli, valizi yangu ya nguo. Dada wa réception akauliza, "Papa, kuna kitu hakikukupendeza?"

"Vyote vimenipendeza. Ndiyo shida."

Nikarudi, nikapita katikati ya pande zote mbili na valizi kichwani, maana mkono wake wa kubebea ulikatika njiani.

"Yaya, nimefika nyumbani. Nionyeshe pa kulala."

Yaya akaiangalia valizi, akaniangalia mimi.

"Utalala na magunia ya viazi."

"Sawa."

"Kula kwanza."

Nikala bugali ya jana na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nimesimama jikoni. Halafu nikakaa upande wetu na kuomba neno.

"Kahindo atamaliza masomo kwanza. Imebaki mwaka moja na nusu. Mwenye kumupenda amungoje. Mwenye kushindwa, barabara ya Beni iko wazi."

Yule mzee akaruka. "Mais huyu alikuwa kwetu! Nimemupa siri yote!"

Watu wakacheka mpaka yaya naye akajifunika uso kwa kitenge. Wa Beni wakatoka nje kushauriana, wakakaa sana huko. Waliporudi walisema watangoja.

Funzo langu: hoteli nzuri chagueni, sikatazi. Lakini ukiwa na neno zito la kusema kwenu, anzia nyumbani, kula, kisha ndipo uombe ruhusa ya kwenda kulala kwingine. Mimi ruhusa niliomba usiku wa tatu, nikanyimwa.

Kahindo ameanza stage, mafunzo ya vitendo, hospitalini. Wakuu, kwenu mtu akirudi na kwenda kulala hoteli, mnamkalisha wapi?