Chati ya Kitanda cha Kumi na Moja

Mama Deki alimaliza chuo cha uuguzi akiwa na miaka arobaini na mmoja, magoti mawili mabovu, na binti wa sekondari aliyekuwa akimwita "mwanafunzi mwenzangu". Jina la Mama Deki alipewa na wenzake darasani, watoto wa miaka ishirini, siku walipogundua kwamba kabla ya kuja kukaa nao dawati moja alikuwa amepiga deki wodi za hospitali kwa miaka kumi na miwili. Hakukasirika. Aliwaambia tu kwamba ada yake imelipwa na ndoo na dekio, na za kwao zimelipwa na baba zao, kwa hiyo wamheshimu. Walicheka, jina likabaki.

Siku ya mahafali binti yake alimpiga picha kumi na nne, na katika zote Mama Deki amefumba macho.

"Mama, ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nalala, mwanangu."

Hakuwa anatania. Miaka mitatu ya kusoma alfajiri, kwenda mafunzoni mchana na kufua mashuka ya watu Jumamosi na Jumapili ilikuwa imemkaa mifupani. Alidhani cheti kikishapatikana atapumzika kidogo. Lakini nani alimwambia kwamba hospitali zinakaa zikimsubiri mtu?

Alizunguka miezi saba na bahasha ya kaki kwapani. Hospitali ya kwanza ilitaka mwenye uzoefu wa miaka miwili. Ya pili ilitaka asiyezidi miaka thelathini na mitano. "Yaani wanataka mtoto mzoefu," alimwambia binti yake. Ya tatu ilimwita kwenye usaili, akapiga pasi gauni, akafika saa moja kabla. Mlinzi wa getini alimtazama viatu, akamtazama mikono, akamwonyesha mlango wa kushoto. Huko akakaa benchi moja na wanawake wanane, wakaitwa mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika akaulizwa ana uzoefu wa miaka mingapi hospitalini. Akasema kumi na miwili, wahojaji wakatazamana kwa furaha. Wakamwuliza damu ikimwagika sakafuni anafanya nini. Akaeleza hatua kwa hatua, dawa gani, kitambaa gani, kinatupwa wapi, mpaka mmoja wao akaacha kuandika na kubaki akisikiliza. Wakampa kazi palepale. Ndipo Mama Deki akauliza atapangwa wodi gani, ya watoto au ya watu wazima, maana yeye kwa dawa za watoto bado anapenda kusimamiwa na nesi mzoefu. Wahojaji wakatazamana tena, safari hii bila furaha. Ule ulikuwa usaili wa wafanya usafi, na usaili wa wauguzi, mlango wa kulia, ulikuwa umekwisha.

Alimsimulia binti yake jioni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akalia kwa uchungu kama mtu aliyefiwa. Miezi saba, na usaili pekee aliofaulu ulikuwa wa kazi aliyokwisha kuiacha.

Na hakuiacha kwa sababu ya mshahara, ingawa mshahara mzuri hajawahi kuukataa mtu mwenye akili timamu. Aliiacha kwa sababu ya mguu. Zamani, akipiga deki chini ya kitanda fulani, mkono wake uligusa mguu wa mgonjwa uliokuwa umening'inia nje ya shuka. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Akaenda kwa nesi aliyekuwa mezani, akamwambia yule mama pale hayuko sawa. Nesi hakuinuka. Aliivuta karatasi ya vipimo, ile chati ya miguuni pa kitanda, iliyokuwa imeletwa pale mezani, akaisoma na kusema, "Chati inasema yuko sawa. Wewe endelea na deki lako." Akaendelea na deki lake. Walipokuja kumwamsha yule mama kwa chakula, hakuamka. Mama Deki ndiye aliyesafisha kile kitanda, na tangu siku ile aliazimia kwamba iko siku yeye ndiye atakayeishika kalamu.

Kalamu aliipata mwezi wa nane. Hospitali moja ndogo ya binafsi ilimchukua kwa mwezi mmoja wa majaribio, wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji. Masharti yalikuwa mepesi kueleza. Siku ya thelathini metroni, mkuu wa wauguzi, angesaini fomu yake, naye awe mwajiriwa, au asisaini, na Mama Deki arudi kwenye bahasha ya kaki. Aliapa moyoni kwamba harudi.

Huo mwezi ulimtoa jasho. Ndugu za wagonjwa walimwona mtu mzima mwenye mikono migumu wakamwambia, "Mama, huku kumemwagika uji." Na yeye, kabla hajafikiri, mkono ulikuwa umekwisha kulifuata dekio. Kiongozi wa zamu, msichana mwepesi wa miguu ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimkanya kwa upole. "Mama yangu, acha. Ukishika dekio, sindano atachoma nani?" Mhudumu wa wodi, dada mwembamba asiye na maneno mengi, alilipokea dekio lake bila kumtazama usoni.

Siku ya thelathini nesi wa tatu hakuja, mwanawe anaumwa. Wakabaki wawili kwa wagonjwa ishirini na sita, na mashine moja ya presha ambayo mkanda wake haukushika mpaka uushikilie kwa mkono. Kutoka saa moja asubuhi Mama Deki hakukalia kiti. Vidonda, dripu, sindano, mabakuli ya kujisaidia, simu ya maabara isiyopokelewa. Vipimo vya saa nne alivipima vyote, kwa kufa na kupona. Ilipofika saa nane mchana vipimo vilitakiwa tena, na kiongozi wa zamu alikuwa anamsukuma mgonjwa kwenda kupigwa picha ya eksirei. Alipita mbio akasema, "Mama, metroni anapita saa tisa. Asikute chati tupu, tutamwaga unga wote wawili."

Alipima wagonjwa kumi na tisa. Magoti yalikuwa yanawaka moto. Wamebaki saba, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi kufika saa tisa. Alizikusanya zile chati saba mezani, akakaa. Hebu tumwonee huruma kidogo: kile kiti kilikuwa cha kwanza tangu alfajiri. Alitazama vipimo vya saa nne, vyote vizuri. Akavinakili, huku akibadilisha kidogo, mapigo themanini yakawa themanini na mbili, ili visifanane mno. Akatia sahihi. Ilimchukua dakika tatu, na aibu aliyoitegemea haikuja. Alichosikia ni nafuu tu.

Mhudumu alisimama mbele ya meza, dekio mkononi.

"Sista, samahani."

"Nini?"

"Yule wa kumi na moja. Nimemgusa mguu nikipiga deki. Ni wa baridi."

Mkono wa Mama Deki ulikuwa tayari umeivuta chati ya kumi na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino haujakauka vizuri. Joto thelathini na sita nukta nane. Mapigo themanini na mbili. Presha nzuri. Na maneno yalikuwa yamekwisha kumjaa mdomoni, yote, kama aliyekariri: chati inasema yuko sawa, wewe endelea.

Aliyameza. Hakuna kitu alichowahi kumeza kikali kama kile. Aliinuka kwa haraka hata kiti kikaanguka.

Wa kumi na moja alikuwa mwanamke kijana, amefanyiwa upasuaji wa tumbo jana yake, mtulivu, asiyemsumbua mtu. Alikuwa amelala vilevile kwa utulivu, midomo imepauka. Mama Deki alishikilia mkanda wa presha kwa mkono mmoja. Themanini kwa hamsini. Mapigo mia moja thelathini na sita. Tumbo lilikuwa limejaa na limekaza chini ya bandeji.

"Kaite daktari," alimwambia mhudumu. "Mwambie anavuja damu ndani. Kimbia!"

Dekio liliachwa katikati ya njia. Daktari alikuja, dripu ya pili ikawekwa, upande wa miguuni wa kitanda ukainuliwa, na ndani ya robo saa yule mgonjwa alikuwa anasukumwa kurudi chumba cha upasuaji. Akawahiwa. Hilo tuliseme mapema, maana Mama Deki mwenyewe hakulijua mpaka jioni, na muda wote huo alibeba moyo wake kama mtu aliyebeba maji yanayochemka.

Saa tisa na robo metroni aliingia. Mwanamke wa sauti ndogo, miwani kwenye ncha ya pua. Fomu ya Mama Deki ilikuwa kwenye ubao wake wa kuandikia, imeshajazwa, imebaki sahihi. Aliichukua chati ya kumi na moja.

"Saa nane alikuwa mzima kabisa," alisema. "Saa tisa haijafika, anakufa. Imekuwaje?"

Kiongozi wa zamu, aliyerudi kutoka eksirei, jasho usoni, alifungua mdomo kumtetea. "Metroni, hali inaweza kubadilika ghafla, hasa mgonjwa wa..."

Ni kweli, inaweza. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Deki angepita bila mtu kumgusa. Aliitazama fomu, akaitazama miwani ya metroni. Alimfikiria binti yake, ambaye asubuhi alimwambia, "Leo ndiyo leo."

"Sikumpima," alisema. "Nimeandika tu."

Akachukua kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya vile vipimo, mstari mmoja tu, kama walivyofundishwa, ili kosa lisomeke. Pembeni akaandika *sikupima*, saa, na sahihi. Kisha, bila kuulizwa, akazivuta zile sita nyingine na kufanya vivyo hivyo, moja baada ya moja.

Metroni alisubiri mpaka ya mwisho.

"Siwezi kusaini hii leo," alisema.

"Najua."

"Utaanza mwezi mwingine wa majaribio, kesho. Na mwezi huu mimi mwenyewe nitapita nyuma yako na kipimajoto changu." Alivua miwani, akajisugua macho. Alionekana amechoka kuliko wote. "Sasa nenda kapime hao sita."

Akaenda kuwapima. Wote walikuwa wazima, na kila mmoja alimchukua dakika mbili tatu. Saa kumi na mbili jioni wakapiga simu kutoka chumba cha upasuaji, kwamba wa kumi na moja ameamka na anaomba maji. Mama Deki alisema asante, akaweka simu chini.

Alipotoka na mkoba wake, mhudumu alikuwa anamalizia deki la mwisho kwenye korido. Sakafu ilimetameta maji mpaka mlangoni.

"Pita tu, sista."

"Nitasubiri ikauke," alisema Mama Deki, akajibwaga kwenye benchi. Alivua viatu. Mhudumu akaegemea dekio.

"Mdogo wangu, nataka nikuombe kitu. Kesho ukiona jambo, uje uniambie. Hata nikikufokea, niambie."

Mhudumu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. "Kwani wewe ni mtu wa kufoka?"

"Leo ilibaki kidogo," alisema Mama Deki.